Mgeni Asiyejua Kuguna

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yanapata moto. Ilikuwa asubuhi, jua la Dodoma limeshaanza kuchoma, nami nimeinama chini ya mzabibu wa uani na mkasi mkononi. Jirani yangu Mama Marit alitoka na kikombe chake cha chai ya rangi, akasimama akinitazama ninavyochagua tawi la kwanza la kukata. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kunyoosha kila neno, "Neema, msimu huu usipogoe."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Mzabibu usipopogolewa hauzai, unabaki kutoa majani tu. Yeye mwenyewe alilijua hilo, maana mizabibu ile aliipanda kwa mikono yake.

"Kwa nini, mama?"

"Atakayekuja atachagua mwenyewe."

Ndivyo nilivyojua kwamba anaondoka. Na kabla hajafika mlangoni kwake nilijua pia kwamba katika kuondoka kwake, na mimi nimo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili unielewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nimetoka kwetu Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, nimemaliza darasa la saba, nina cherehani moja ya kukanyaga. Nilipanga chumba cha uani huko Area C, nikawa nashona sare za shule. Chumba cha pili alikaa Mama Zuwena, mwenyeji wa Kondoa, mjane aliyeuza chapati, mwenye sauti ya kujaza ua mzima. Nyumba kubwa ya mbele ndiyo aliyopanga Mama Marit. Mwenye nyumba wetu sote alikuwa mmoja, Mzee Ndahani.

Mama Marit ni mtu wa Norwe. Alikuja nchini akiwa binti, muuguzi, akazunguka vijiji vya Kongwa miaka mingi akipima watoto uzito na kuchanja. Alipostaafu hakurudi kwao. Aliwahi kuniambia kwamba pensheni yake ni ndogo, kwa sababu kule kwao alifanya kazi miaka michache tu. Kule ingemfikisha katikati ya mwezi. Hapa ilimfikisha mwisho wa mwezi na kubaki. Na hilo lilikuwa kweli alipoipanga nyumba ile. Mji ulikuwa umetulia, nyumba nzuri zilikaa miezi bila mtu, na mwenye nyumba akimpata mpangaji mtulivu alimshika kwa mikono miwili.

Halafu serikali ikahamia. Sitasema vibaya juu ya hilo, mwanangu, maana hata mimi nilipata kazi. Wake za watumishi waliniletea vitambaa nikashona mpaka mgongo ukauma. Lakini chumba kilipanda, nyama ikapanda, mkaa ukapanda, na ndoo ya nyanya nayo ikapanda. Bei haikumuuliza mtu ametoka wapi. Ilitubana sisi tuliozaliwa hapa, ikawabana na wageni waliokuja miaka ile ya urahisi, walimu wa kujitolea, watu wa misheni, wastaafu kama yeye. Mmoja mmoja wakaanza kufungasha. Sisi tulisema wamechoshwa na vumbi. Hatukufikiri kwamba mzungu naye anaweza kushindwa kodi.

Sasa nikueleze kodi inavyopandishwa kwetu, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Mwenye nyumba haandiki barua. Anakuja mwenyewe, miezi sita inapokaribia kwisha. Anauliza afya yako, anauliza wazazi, anakunywa chai. Kisha anataja bei. Na bei anayoitaja siyo anayoitaka. Ameiweka juu ili pawe na pa kushukia. Akishaitaja ananyamaza, anangoja ugune. Ukiguna, naye ataeleza shida zake, nawe utaeleza zako, mtakutana mahali fulani katikati. Kila mtu hapa analijua jambo hilo, na kwa sababu kila mtu analijua, hakuna anayelieleza.

Mama Zuwena aliguna kama mtu aliyelisomea.

"Mzee, bei hiyo umeitoa wapi, au umeiota?"

"Mama Zuwena, hali unaiona. Simenti imepanda."

"Simenti imepanda, sawa. Chumba hiki ulikijenga jana? Tofali zenyewe za udongo, zinanimwagikia kwenye unga. Wateja wangu wanakula ukuta wako."

Mzee Ndahani alicheka mpaka akavua kofia. Mama Zuwena hakumwacha. Akanishika bega, akanisukuma mbele. "Na huyu mtoto, unataka ashone mpaka vidole viishe? Mtazame alivyo. Hata kulalamika hajui."

Mimi nilitazama miguu yangu. Punguzo nililipata, lakini kwa mdomo wa Mama Zuwena.

Huko mbele mambo yalikwenda tofauti. Zamu ya kwanza ya Mama Marit ilifika miezi sita baadaye, nami nilikuwepo, nimemrudishia bakuli lake. Mzee Ndahani alikaa barazani, akauliza afya, akanywa chai. Akakohoa. "Mama, mji unakua. Nyumba ya jirani hapo imechukuliwa mara mbili ya hii. Basi na sisi tusogee kidogo." Akataja. Ilikuwa bei ya kushangaza, hata mimi nisiyehusika nilishtuka. Akanyamaza, akawa anangoja.

Mama Marit aliweka kikombe chini taratibu. "Sawa, Mzee Ndahani," akasema. "Nimeelewa."

Mzee alibaki anamwangalia, kama mtu aliyeinua mguu kupanda ngazi na kukuta ngazi hakuna. Nilipomsindikiza getini aliniambia, "Neema, mama huyu anazo. Hata kuguna hakuguna."

Kisha akazunguka uani kwetu, akatuambia, "Ninyi huku bakini na ile ya zamani. Mama wa mbele amenisaidia."

Alipoondoka Mama Zuwena alipiga kigelegele cha chini chini. "Mungu amtunze mzungu wetu," akasema, "mradi aendelee kulipa."

Tukacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Sitakuficha.

Ikawa hivyo kila baada ya miezi sita, mara nne. Yeye anasema sawa, Mzee anazidi kuamini kwamba ana mali, na sisi wa nyuma tunapumua. Nami nilikuwa naona kinachotokea, maana tulitumia bomba moja la maji na mlango wa jikoni kwake ulitazama cherehani yangu. Kwanza iliondoka gari. Akasema kutembea ni kuzuri kwa mifupa. Kisha dada aliyempikia akaagwa, akapewa na mablanketi. Kisha friji ikanyamaza. Nilizoea mlio wake nikishona, siku moja sikuusikia tena. Maziwa yakaacha kuja. Sokoni Majengo akaacha kwenda, kwa sababu huko nako kila fungu alilogusa lilikuwa na bei ya ugenini, naye alilipa kila alichotajiwa na kusema asante. Siku moja alikuja kuniuliza namna ya kupika mlenda, ile mboga ya majani ya porini isiyo na gharama. "Nasikia ni mzuri kwa tumbo," akasema. Nikajifanya nimeamini kwamba ni habari ya tumbo.

Nilitaka kumwambia. Nakuapia nilitaka. Kuna siku nilikwenda mpaka mlango wake wa jikoni, maneno nimeyapanga vizuri: Mama, usikubali bei ya kwanza, Mzee anangoja useme kitu. Akafungua, akatabasamu. Nyuma yake nikaona kabati la vitabu limefika darini. Nikawaza, mimi wa darasa la saba nimfundishe nini mtu huyu?

"Karibu, Neema. Kuna shida?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba pini."

Akanipa pini. Nyumbani nilikuwa na pini kopo zima.

Nilijiambia ni kuona haya tu, kwamba ndivyo nilivyoumbwa. Lakini ulikuwepo uongo kidogo ndani yake. Nilijua vilevile kwamba akianza kuguna yeye, zamu yetu itafika.

Wiki ileile aliyonizuia kupogoa, bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Buigiri kutibiwa macho, akafikia kwangu. Mama Marit alimwamkia kwa Kigogo, wakashikana mikono muda mrefu wakiulizana mvua. Bibi alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Jioni tumekaa mlangoni tunamenya karanga, akainua kichwa.

"Jirani yako anaburuta masanduku. Anahama?"

"Anarudi kwao, Bibi."

"Ana watu huko?"

"Ana mtoto wa dada yake. Amesema atampa chumba."

"Miaka yote hii yuko hapa, halafu anakwenda kupewa chumba." Akamenya karanga mbili tatu. "Anapenda kwenda?"

Hapo nikashindwa kuendelea kuficha. Nilimweleza yote, kodi, friji, mlenda, mpaka pini. Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja.

"Wewe kodi yako imepanda?"

"Haijapanda."

"Kwa nini haijapanda?"

Nikaokota karanga nyingine, nikaanza kuimenya.

"Kwa hiyo amekulipia," akasema.

Hakunigombeza, mwanangu. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alipangusa mikono kwenye kanga yake, akaanza kuniambia habari ambayo sijapata kuisikia kwake. Alipokuwa mdogo mvua ilikataa miaka miwili mfululizo, ghala zikabaki vumbi. Mama yake akamchukua wakaenda kuhemea upande wa Kongwa, yaani kutafuta nafaka kwa watu waliokuwa nayo. Walitembea na mbuzi mmoja na magunia matupu.

"Kule hatukujua vipimo vyao," Bibi akasema. "Mama alikuwa tayari kumtoa mbuzi mzima kwa debe moja. Mwenye njaa, tena mgeni, anakubali kile cha kwanza anachotajiwa. Akatokea mama mmoja wa palepale, alikuwa anachota maji tu. Akawaambia wenzake, huyu hajui vipimo vyetu, mpimieni kama mnavyonipimia mimi. Hakupata kitu kwa kusema vile. Labda hata walimnunia. Tulirudi na magunia mawili. Mimi niko hapa, na wewe uko hapa."

"Lakini Bibi, huyu ni mzungu. Amesoma."

"Kusoma kwake Norwe kutamfundisha kuguna kwa Mzee Ndahani?"

Nikamwomba twende wote akamsemee, yeye mtu mzima. Akakubali kwenda, kusema akakataa. "Mimi nimekuja mjini kwa ajili ya macho. Mwenyeji wake ni wewe."

Asubuhi tulimkuta Mzee Ndahani kwake Ipagala anakunywa uji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamwekea Bibi kiti. Bibi akakaa, akafumba mdomo kama alivyoahidi. Nikaona wote wawili wananingoja mimi. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa mbali, kwa heshima, lakini maneno yalitoka kama yalivyotaka.

"Mzee, Mama Marit hana hela."

Akashusha kikombe.

"Gari ameuza. Friji amezima. Siku nyingine anakula mlenda bila ugali. Hakuguna kwa sababu kwao hawaguni. Wakitajiwa bei wanadhani ndiyo bei."

Mzee alisukuma kikombe cha uji pembeni. Nilidhani amekasirika. Kisha akauliza, "Kwa nini unaniambia leo?"

Nikatazama miguu yangu.

"Mimi nilikuwa namngoja," akasema. "Kila nikienda naongeza zaidi, nasema leo atasema, leo atanirudisha nyuma. Nikawaona wengine wanavyopandisha, nikasema kama mwenyewe hajali, mimi nimwonee huruma ya nini? Wanangu wanasoma. Nyumba ile nilingoja miaka kumi ipate bei." Akajishika kichwa. "Nimeshapokea kodi ya mwaka mzima kwa mtumishi mmoja. Nimenunulia bati. Ungekuja wiki mbili zilizopita, Neema."

Wiki mbili. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakaa futi chache kutoka mlango wa Mama Marit, natia uzi kwenye sindano.

Mzee alivaa koti lake, tukarudi naye. Tulimkuta Mama Marit barazani kati ya masanduku. Safari hii Mzee hakuulizia afya.

"Mama, kwa nini hukuniambia imekushinda?"

Uso wa Mama Marit uliiva. Akanitazama, akaelewa maneno yametoka wapi, nami nikatamani ardhi inifunike. Lakini hakunikasirikia. Alimjibu Mzee, "Nyumba ni yako. Kwetu mtu akitaja bei ya mali yake, ukibishana naye ni kama unamwambia mwongo. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Na mimi," Mzee akasema, "nilidhani ndiyo dharau yenyewe. Nilisema mama huyu ananiona mdogo, hataki hata kuzungumza na mimi. Ananilipa kama anayefukuza nzi."

Wakabaki wanatazamana, watu wazima wawili waliokunywa chai pamoja miaka sita. Nilimwona Mama Marit anafungua na kufunga kamba ya sanduku bila sababu.

Mzee akamwambia wazi kwamba nyumba ile imekwenda, hawezi kumrudishia mtu hela ambayo imeshakuwa bati. Lakini ana vyumba viwili Makutupora, vya marehemu mama yake, vina bati zima na sakafu, ila maji ni ya kisima cha mtaa na umeme unakatika. "Kama hutaki kwenda kwenu, kaa pale." Akataja kodi. Mazoea ni mazoea, mwanangu. Hata siku ile, hata kwa aibu ile, aliiweka juu kidogo. Akanyamaza.

Mama Marit akavuta pumzi. Niliona midomo yake inaanza kutengeneza lile neno lake.

"Mama," nikasema, "hapa ndipo unaguna."

Akanigeukia. Akageuka kwa Mzee. Akasema, "Mmh."

"Hiyo siyo kuguna," Mzee akasema. "Hicho ni kikohozi."

Mama Zuwena alikuwa ameshafika na sinia lake la chapati kusikiliza. "Mwambie, Mzee, unaniua," akamfundisha.

"Mzee," akasema Mama Marit, "unaniua kidogo."

Bibi yangu alicheka mpaka akaharibu dawa aliyotiwa machoni. Mzee naye alivua kofia. Kodi ikashuka nusu, kisha ikashuka tena, na Mama Marit akaomba tikiti yake ya ndege irudishwe, ikarudishwa pungufu.

Alikaa Makutupora miaka mitatu. Haikuwa raha yote. Alichota maji kwa ndoo mpaka majirani walipoanza kumchotea, na mara mbili alilazwa kwa malaria. Ilipofika wakati magoti yakamkatalia kabisa, alikwenda kwa mtoto wa dada yake. Aliaga kijiji kizima kwa siku tatu, akalishwa mpaka akachoka. Alikwenda kwa uzee wake. Bei haikumfukuza. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, nawe utaijua ukikua.

Sisi wa nyuma kodi ilitupanda msimu uleule. Mama Zuwena aliguna siku mbili nzima na hakupata zaidi ya punguzo dogo. Alininunia mwezi. Mimi nililipa.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Sikuambii usipandishe bei. Huenda kesho ukawa na nyumba, una watoto wa kusomesha, na mji huu utakuwa umekua zaidi. Pandisha, lakini mtazame mtu usoni unapoitaja, na akikubali haraka mno muulize tena. Usidhani mgeni ana gunia la hela kwa kuwa ngozi yake ni nyingine au amepanda ndege. Wengine walikuja hapa kwa sababu hapa ndipo pekee walipoweza kuishi. Na ukimwona mtu analipa, anashukuru, huku vitu vyake vinapungua kimoja kimoja, usiende kuomba pini. Mwambie. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, sema ukiwa umetazama miguu yako, ila sema leo. Mimi nilisema, lakini nilichelewa wiki mbili, na nyumba ya mama wa watu ikaenda.

Mungu akupe nyumba isiyovuja na jirani unayemjua kwa sauti ya kikombe chake. Akulinde safarini, na popote utakapokuwa mgeni usiyejua vipimo vya watu, akuinulie mtu mmoja wa palepale, hata kama amekuja kuchota maji tu, akusemee. Amina.